Komwe Saba za Mwalimu Natanaeli

Wapendwa, husimuliwa habari za mja mmoja mwema aitwaye Natanaeli, mwalimu wa dini katika kijiji cha Itobela, zamani za wamisionari wa kwanza, wakati kalenda ilikuwa haijafika huko. Jumapili aliitunza kwa komwe saba, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, ndani ya kibuyu. Kila alfajiri, baada ya sala, alihamisha komwe moja kwenda kibuyu cha pili, na ya saba ikihama alipiga ngoma kuwaita waumini.

Mtemi Kasonta, mwenye nchi ile, hakuwa muumini, lakini aliwaachilia Wakristo wasilime mashamba yake siku hiyo. Aliwapa sharti moja tu.

"Nikigundua mnaniongopea ili mpumzike, hiyo nyumba yenu ya sala naibomoa."

Basi masika moja Natanaeli akashikwa na homa kali. Mkewe Persisi, mama mcha Mungu, akaona kazi ile isilale, akawa anahamisha komwe yeye. Asilolijua ni kwamba mumewe naye, homa ikimpa nafasi, alijikokota hadi kwenye vibuyu akahamisha ya kwake. Kila mmoja alifurahi moyoni kwamba amempunguzia mwenzake mzigo.

Homa ikaisha, maisha yakaendelea. Siku moja, waumini wakiwa katika ibada, akapita mfanyabiashara wa pwani, Bwana Mwinshehe. Kwa adabu yake akangoja nje mpaka wamalize, ndipo akamwamkia mwalimu.

"Nimefurahi kuona nanyi mnaiheshimu Ijumaa. Mimi mwenyewe nimeswali hapo nje nikiwangoja."

Natanaeli akacheka, akidhani ni utani. Mgeni hakucheka. Katika safari zake zote hakuwahi kupotewa na Ijumaa.

Nyumbani mambo yakajulikana. Persisi alishika kichwa. "Kumbe kuna siku mbili tulihamisha sote, mume wangu."

Mzee wa kanisa, Yeftha, ambaye hakukosa ujanja hata mbele ya madhabahu, akatoa shauri. "Mwalimu, tutangaze kwamba leo ilikuwa sikukuu. Keshokutwa tunasali tena, na habari imekwisha. Mtemi atajuaje?"

Na tusimsingizie Natanaeli utakatifu asiokuwa nao. Shauri lile lilimvutia sana. Matofali ya kanisa aliyafyatua kwa mikono yake, na mtoto wake wa kwanza alibatizwa humo. Alimwomba Mungu amwonyeshe njia nyingine, asiione.

"Mzee wangu," akasema hatimaye, "Siku ya Bwana siwezi kuirudisha mahali pake kwa uongo."

Jua halijatua, akasimama uani kwa Mtemi. Aliwakuta vijana wameketi na mashoka mapajani, makali yakimetameta. Hata hivyo akapiga magoti akaeleza yote, vibuyu na homa na komwe, wala hakumtaja mkewe kwa lawama.

"Yule mtu wa pwani alilala hapa kwangu," akasema Mtemi. "Asubuhi, ngoma yenu ikilia, nilimuuliza siku, akaniambia ni Ijumaa. Mashoka yamenolewa tangu hapo. Nilitaka kwanza kuona kama utakuja."

Akawageukia vijana. "Nendeni mkachanje kuni." Kisha akamrudia mwalimu. "Ila zile Ijumaa zangu mtazilima."

Natanaeli alitokwa na machozi na kicheko kwa pamoja, kifua kikawa chepesi kama cha mtu aliyetua gunia. Keshokutwa yake ngoma ililia katika Jumapili ya kweli, na wiki iliyofuata waumini wote waliinama mashambani kwa Mtemi wakilima na kuimba zaburi, Mzee Yeftha akiguna kuliko wote. Tangu hapo komwe zilishikwa na Persisi peke yake.

Wapendwa, Natanaeli alidhani ukweli wake unalipeleka kanisa kwenye mashoka, kumbe mashoka yalikuwa tayari na ukweli ndio ulioyazuia. Mola atujalie kuusema mapema, hata pale tunapodhani hakuna aujuaye.