Papa wa Ushuru

Masultani wa pwani mbili walinuniana, kila mmoja akapandisha ushuru wa bidhaa za mwenzake. Mchele ukakwama ng'ambo, na nazi za kwetu zikarundikana bandarini bila mnunuzi. Watu wakala nazi asubuhi, nazi mchana, na usiku wakanywa tui.

Siku moja Faki Mjaka, mwenye duka pale mjini, alirudi kutoka ng'ambo na meli iliyojaa magunia.

"Umebeba nini?" aliuliza Liwali wa bandari.

"Papa mkavu, Bwana. Fungua ukague."

Harufu ilikuwa imeshamfikia Liwali. Akaziba pua. "Sikagui kitu! Ushuru ni magunia mawili kwa kila gunia moja. Ukishindwa kulipa, mzigo unalala ghalani kwangu."

"Basi na ulale," alisema Faki.

Ghala lenyewe lilikuwa chini ya nyumba ya Liwali. Kesho yake mkewe alihamia kwa mamake. Keshokutwa hata paka akahama.

"Ondoa uvundo wako!" Liwali alimfokea Faki.

"Ushuru sina, Bwana."

"Nimekusamehe!"

"Na wapagazi wamekataa."

"Askari wangu watabeba!"

Askari walijifunga vitambaa puani, wakasomba magunia aliyowaonyesha Faki hadi dukani kwake. Jioni hiyo mji mzima ulinukia wali wa nazi, isipokuwa nyumba ya Liwali. Akaja dukani mbio.

"Faki! Mchele huu umetoka wapi? Na mbona kwangu bado kunanuka?"

"Mchele wameuleta askari wako, Bwana," alijibu Faki huku akiendelea kupima. "Papa alikuwa mmoja tu. Huyo nimekuachia ghalani, ndiye ushuru wako."