Baba wa Sehemu ya Pili

Alikuwepo baba mmoja, wapendwa, kazi yake kutafsiri filamu kwenye banda la video. Mnawajua watu hawa. Filamu ni ya kigeni, yeye anaweka Kiswahili juu yake: mara ni baba, mara ni mama, mara ni bibi kizee, na utani wake mwenyewe anaongeza.

Ikaja sehemu ya pili ya filamu moja ya kuchekesha, ya familia iliyokwenda matembezi ikapotea. Sehemu ya kwanza walipotea jangwani. Safari hii bibi yao kapeperushwa na puto, mkoba mkononi, na familia nzima inamkimbiza milimani. Watu husema sehemu ya pili haina ladha. Hii iliwavunja mbavu! Na mimi sikusimama hapa kulaani filamu. Kucheka ni dawa, tena ile ilikuwa nzuri.

Ila walipofika pangoni, kicheko kilikatika. Binti mdogo wa ile familia kapotea, baba yake anamkuta, anasema neno moja tu la kigeni. Mtafsiri wetu akaona halitoshi. Akaweka lake, kutoka moyoni: "Mwanangu, hata ukipotea mara mia, mara mia nitakuja kukutafuta." Banda zima likatulia kama maji mtungini. Wanaume wazima wakajifuta macho.

Sasa twende nyumbani kwake. Huko alikuwa anatunza sauti. Koo ndilo jembe langu, alisema, silichoshi bure. Akiwa mezani aligonga kwa kijiko: mara moja, nileteeni chai, mara mbili, nyamazeni. Binti yake mdogo alipong'oka jino la kwanza, alikuja nalo mbio, liko kiganjani.

"Baba, ona!"

Akagongewa mara mbili.

"Baba watoto, hata neno moja?" mkewe akamuuliza.

Akaonyesha koo kwa kidole. Na moyoni alijiona mtu mwema, anajitunza kwa ajili yao. Si ndivyo tunavyojitetea?

Jumapili moja mchana akarudi mapema. Akawakuta watoto mbele ya televisheni, wanacheka wameshika matumbo. Wameazima kwa jirani ile sehemu ya pili, yenye sauti yake. Akafurahi, kwa nini asifurahi? Akaketi, akagonga mara moja apate chai. Hakuna aliyegeuka. Akagonga tena, kwa nguvu.

Binti mdogo akanyoosha mkono nyuma, macho hayabanduki. "Subiri kidogo. Baba anaongea."

Yule mtu akaweka kijiko chini. "Baba ni mimi," akasema.

Mtoto akamtazama, akatazama televisheni, akamtazama tena. "Basi sema kama yeye."

Akafungua kinywa. Maneno si yake? Si aliyatunga mwenyewe? Akaanza, "Mwanangu, hata ukipotea mara mia..." Ikatoka kavu, kama mtu anayesoma tangazo la mkutano. Binti akatikisa kichwa, kwa upole kabisa.

"Wewe huwezi," akasema. Akarudi kwa baba yake.

Nilidhani mtacheka.

Wapendwa, yule mtu hakuwa bubu. Maneno matamu alikuwa nayo, akayamaliza kwa watu waliokuja kuangalia filamu. Na sisi je? Msibani tunanena hadi wafiwa wanatulia. Harusini, wakitupa kipaza sauti, hatukiachii. Kazini ni samahani ndugu, karibu mama. Tukishavuka kizingiti cha nyumba zetu, tumechoka, koo linauma, tuacheni. Jambo hili linaniuma, sifichi. Watoto hawangoji uchovu wetu uishe. Wanajitafutia baba kwingine, na wanampata, na huyo wanayempata wala hana habari nao.

Kwa hiyo leo msije pale mlangoni kunishika mkono na kuniambia, mchungaji, umetubariki. Mke wangu ameketi benchi la pili. Muulizeni yeye, mara ya mwisho kuongeleshwa hivi nyumbani ilikuwa lini.