Hodi ya Bwana Mimi

Pu!

Mmeisikia? Iwekeni masikioni, tutairudia. Kwanza nibishe hodi.

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nimebeba ngano!
— Itue, tuionje!
Ina chumvi!
— Sisi tuna maji!

Haya. Usiku mmoja katika Bonde la Mikoche ilisikika sauti moja tu: Pu! Mama Sange akafungua jicho. Sange mnamjua, kapanya kenye pua ndefu, kana kwamba babu yake alikwenda kuomba mkonga akakuta umebaki mkia wake. Alikuwa amelala na wanawe watatu, pua juu ya pua.

“Kuna kitu kimetupwa shimoni,” alijisemea. “Pole yake mwenyewe.”

Akalala. Hakujua kwamba mwenyewe ni yeye.

Siku tatu nyuma mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na kumbikumbi wakaruka. Mama Sange na wanawe waliwaokota, wakawapepeta, wakawakaanga, wakajaza vyungu kumi na viwili. Kila mwaka ilikuwa hivyo: wao hutoa kumbikumbi, majirani hutoa mtama, na mtama huo ndio chakula cha kiangazi kizima. Lakini kumbikumbi hawana subira. Siku ya saba huanza kunuka, na siku ya nane hata nzi huwaaga. Kwa hiyo habari ilipaswa kufika majumbani upesi.

Hapo ndipo alipotokea mnyama mmoja mkubwa, mwenye meno ya kuvunja mfupa na tumbo lisilojua kushiba. Jina lake silitaji. Mwenyewe hakulitaja popote, kwa sababu palipotajwa, milango ilifungwa na watoto walihesabiwa. Ukimuuliza wewe nani, hujibu, “Mimi.” Basi watu wakamwita Bwana Mimi.

“Mama Sange,” alisema, “sauti yako ndogo. Nitakutangazia mimi. Ujira wangu vyungu sita.”

“Sita, bwana? Hiyo si nusu?”

“Ni nusu. Au nichukue nusu yako wewe?”

Akabeba sita. Viwili akavila njiani, vinne akavificha pangoni kwake. Kisha akachana majani ya mgomba mia moja, na kila jani akaliandika kwa ukucha: KUMBIKUMBI BURE! BURE! MWISHO LEO! FUNGUA UPESI, UTAJUTA! Na chini: Ni Mimi.

“Lakini si bure, bwana,” alisema Mama Sange.

“Wakishafika, utawaambia.”

Majani yakapelekwa kwenye lango la bonde, zinakopita barua zote. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Ndipo usiku ikasikika ile Pu.

Asubuhi Mama Sange alikwenda kwenye lango la miiba. Hapo alikaa Bi Nungunungu, mlinzi, ambaye usiku huchambua barua zote za bonde na asubuhi huwa hana hamu ya salamu. Kando ya lango palikuwa na shimo refu lenye kingo za utelezi. Lilikuwa Shimo la Barua Taka. Mama Sange akachungulia. Majani mia moja yalikuwa yamelala chini, na kila jani lilikuwa limewataja kumbikumbi wake.

“Shikamoo, Bi Nungunungu. Barua zangu zimekukosea nini?”

“Marahaba. Zako? Ziliandikwa na nani?”

“Na… na yeye.”

“Ndiyo shida,” alisema Bi Nungunungu, miiba ikitikisika, chakara chakara. “Barua inabisha hodi. Nauliza, nani? Inajibu, mimi. Mama Sange, hata mwizi ni mimi. Hata mimi ni mimi! Halafu inanipigia kelele masikioni, bure, bure. Kitu cha bure kina haraka ya nini? Halafu moja ameandikiwa Kanga mkubwa, aliyehama tangu mwaka juzi. Nyingine Mbuni, aliyesema wazi kwamba wadudu hataki kuwasikia. Nizipeleke wapi? Pu!”

“Na nikibisha vizuri?”

“Bisha, tuone.”

Mama Sange akarudi nyumbani mbio. Hakuchana majani mia. Alichana sita, kwa wale sita waliochukua kumbikumbi wake mwaka jana wakamwambia, mwakani tukumbuke. Akaandika polepole:

“Hodi, Mama Kwale. Ni mimi Sange, wa kichuguu cha upande wa mashariki. Mwaka jana ulichukua chungu kimoja, ukasema wanao walilamba hata kifuniko. Mwaka huu vipo. Ukitaka, njoo na mtama. Ukiwa hutaki, nirudishie jani, nami sitakusumbua tena.”

Usiku huo Mama Sange hakulala. Alitega sikio. Aliingoja Pu. Pu haikuja.

Kulipokucha alikuja Mama Kwale na mtama. Akaja Kima na mtama na maneno mengi. Jani moja lilirudi: Kicheche aliandika kwamba tumbo linamsumbua, asamehewe. Mama Sange akalifuta jina lake kwa heshima. Mama Kwale akamwambia dada yake, na dada yake akaja bila hata kuandikiwa. Vyungu sita vikaisha.

Lakini mtama wa vyungu sita ni nusu ya kiangazi. Na watoto wa sange hawali nusu ya siku.

Jioni ya siku ya sita mlango ulitikisika. Ghubu, ghubu, ghubu!

“Nani?”

“Mimi.”

Bwana Mimi aliingiza kichwa, na nyumba ikajaa. “Wewe kapua! Nimepeleka majani mia tena, ya vile vyungu vyangu vinne. Yote shimoni! Yako yanapita. Nipe siri, unipe na huo mtama. Ama sivyo nimeze wanao watatu kama kunde.”

Watoto wakajificha chini ya tumbo la mama yao. Pua ya Mama Sange ilikuwa inafikiri.

“Siri, bwana wangu? Siri ndiyo hii. Wewe unatuma jani tupu. Jani lina meno? Jani lina tabasamu kama lako? Jitume mwenyewe! Uwe barua. Barua hufunguliwa wapi? Ndani ya nyumba. Na chakula kiko wapi?”

“Ndani ya nyumba,” alisema Bwana Mimi, na mate yakamdondoka, to, to, to.

“Sasa je, utafunguliwa katika nyumba ngapi?”

“Zote!” Akafikiri kidogo. “Na nikiulizwa, nani?”

“Taja jina lako.”

“Jina? Hapana! Jina halitajwi!”

“Basi jibu lako la siku zote. Mtu aliyesema mimi, nani atamkataa?”

Jani moja la mgomba halikumtosha. Yakaenda saba. Watoto wa Sange walimzungushia kamba, huyu akivuta huku, huyu akivuta kule, na mdogo wao akamwandika mgongoni kwa ukucha: BURE! FUNGUA UPESI! Barua ikaondoka kwa miguu yake minne, ikichechemea, chwata chwata, mpaka langoni. Ikajilaza.

“Hodi!”

“Nani?” aliuliza Bi Nungunungu.

“Mimi.”

“Nani?”

“Mimi.”

“Nauliza mara ya tatu, na hodi hazizidi tatu. Nani?”

“Mimi, wewe! Nifungue upesi, utajuta!”

Bi Nungunungu akanusa. “Barua hii ina pumzi,” alisema, “na pumzi yenyewe ina mifupa.” Akageuka, kama ukoo wao unavyogeuka wakichukizwa, akaanza kurudi kinyumenyume, miiba mbele. Chakara. Chakara. Chakara.

“Yalaa!” barua ikapiga kelele. Ikaruka nyuma hatua moja. Ikaruka nyuma hatua ya pili. Hatua ya tatu haikuwa na ardhi.

PU!

Usiku ule ule Mama Sange na wanawe waliingia pangoni bila hodi, kwa sababu mwenyewe hakuwepo. Wakaviviringisha vyungu vyao vinne mpaka nyumbani. Majani manne yakaandikwa, hodi nne zikabishwa kwa jina, na kabla jua la siku ya saba halijatua, kumbikumbi wa mwisho walikuwa wametafunwa. Mtama ukafika dirishani. Watoto wakalala juu yake, pua juu ya pua.

Nimebisha!
— Tukafungua!
Nimemwaga!
— Tukazoa!
Nabeba kikapu changu!
— Usisahau kifuniko!

Funzo sasa, watoto wazuri, mlishike. Mkiulizwa nani, jibuni “mimi”. Jina ni mali, msiligawe ovyo langoni. Ahidini vya bure, pigeni kelele, waandikieni hata waliohama. Mkifanya hivyo hamtakosa makao, na makao yenyewe ni marefu, tena ya utelezi.

— Mwenye mdomo, na Bwana Mimi je?

Lo! Kifuniko chenyewe hicho. Bwana Mimi alikuwa bado shimoni, juu ya majani yake mia mbili. Bi Nungunungu alifunga kamba kwenye mti wa mkoche na kutangaza: aliyemo akitaja jina lake, ateremshiwe. Siku ya kwanza alipita Kima. “Nani humo?” “Mimi, rafiki yenu wa siku nyingi.” “Haya makubwa,” alisema Kima, “barua taka za mwaka huu zinaongea.” Akapita. Siku ya pili alipita Mama Kwale. “Nani humo?” “Mimi, mjomba wako wa mbali.” Akapita.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Maji yakamfika magotini. Yakamfika tumboni. Yakamfika kidevuni. Bonde zima likaja ukingoni, na mbele ya wote ilichungulia pua moja ndefu, na chini ya pua ile, mkononi, ncha ya kamba.

“Nani?” aliuliza Mama Sange.

“Mi… glu… mi…”

“Mi nani?”

Maji yakapanda mdomoni. Akayatema. Akatazama juu, akatazama chini, akafumba macho.

“Ni mimi,” alisema, “Fisi.”