Nani Avae Koti la Andwele

Sogeeni, mnisikilize, na aliyekuja kuchekeshwa arudi kwake. Hapa kwetu Tukuyu tuna watu watatu wanaojua Kiingereza, kila mmoja kwa namna yake. Tumpe, fundi cherehani, ana kamusi, na hajui kudanganya. Ambakisye aliwapikia Waingereza wa mashamba ya chai miaka ishirini. Mwalimu Mwakalobo, mstaafu, anajua maneno yalikotoka, na ametuchosha nayo hata kilabuni.

Shemeji yangu Gwantwa alikuwa na mtoto mmoja, Andwele. Alimfukuza mwenyewe kwa sababu ya mke aliyemtaka, na miaka kumi na mmoja hawakusemezana. Mwezi uliopita kijana akafia Uingereza, akazikwa hukohuko. Likaja koti lake, na karatasi ya muuguzi yenye sentensi moja ya Kiingereza. Ndiyo maneno yake ya mwisho.

Tumpe akafungua kamusi. "Mama Andwele, neno lenyewe ni 'forgive'. Maana yake kusamehe. Anasema amekusamehe."

"Kumbe amekufa akijua nilimkosea," Gwantwa akasema. Siku tatu hakutia kitu mdomoni. Wengi tulimlaumu Tumpe. Angenyamaza tu, tukasema.

Akaja Ambakisye, akakaa naye mkekani. "Mama, wale watu wakikukanyaga mguu wana neno lao jepesi la kuomba radhi. Hili hawalitumii ovyo. Miaka yote ile nililisikia mara mbili, na mara zote mbili mtu alikuwa analia. Mwanao aliumia kweli, na alikuwa ameamua."

Hapo ndipo shemeji yangu alipotoa lililomkaa kifuani. "Nilimwambia nikifa asije kunizika." Alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, na niliona aibu kumtazama.

Mwalimu alifika kesho yake, amechelewa kama kawaida yake. "Hilo neno ni la kale, mama. Waingereza wa zamani walilijenga juu ya neno lao la kutoa, kumpa mtu kitu. Ni kumpa kabisa, usibakize chochote mkononi."

"Kwa hiyo alinipa?"

"Alikupa, mama."

Gwantwa akaomba uji. Akamaliza bakuli zima, akalala.

Sasa, mnaijua desturi ya ukoo wetu. Matanga yakianuliwa, nguo za marehemu hugawiwa, na anayepewa koti la mwana anakuwa mwana. Ndiye atakayemtupia mama udongo wa kwanza, na kabla yake hakuna anayeruhusiwa kufukia kaburi.

"Nitampa aliyenisomea mwanangu," Gwantwa aliniambia.

"Ni yupi, shemeji? Wote watatu wamekusomea."

"Niache nifikiri mpaka siku ya kuanua."

Siku yenyewe ndiyo leo, na alfajiri hakuamka.

Jeneza liko uani, mvua inalilowesha. Tumpe analia, anasema hastahili, yeye ndiye aliyemnyima chakula. Ambakisye analifunika jeneza kwa mkeka. Mwalimu anasema apewe yeyote, mradi mama asizikwe kama mtu asiyezaa. Koti ninalo mimi mkononi, na kaburi limeshachimbwa.

Haya, wewe uliyekaa hapo kimya. Je, ungemvisha nani?