Salama, Ila

Habari za asubuhi, wapendwa?

Nzuri. Nimesikia. Kanisa zima mmejibu nzuri, kuanzia kwaya mpaka ninyi mliosimama hapo mlangoni kwa sababu mmechelewa na mnaona haya kupita mbele yangu. Piteni, jamani. Nafasi za mbele zipo, siku zote zipo. Na habari za nyumbani? Salama. Haya, hiyo salama yenu tuiweke pembeni kidogo, tutairudia.

Nina swali limenisumbua wiki nzima, hata mke wangu amenikataza kulileta mezani, maana nikianza, chakula kinapoa. Swali lenyewe ni hili: mtu akihama kutoka hatua moja kwenda nyingine, anahama na nini? Mtoto akimaliza darasa la kipaimara, anatoka na nini? Mwanafunzi akitoka chuo kidogo kwenda chuo kikuu, kipi kinahesabiwa na kipi kinabaki kule kule? Nitawapa mfano. Mama Atuganile, najua kuku wako uliyemleta kwa mnada wa sadaka baada ya ibada anapiga kelele huko nje, lakini mwache. Hatauzwa bila wewe kuwepo.

Kulikuwa na dada mmoja aliyesomea ustawi wa jamii katika chuo cha kati. Mnaijua kazi hiyo? Ni kazi ya kuingia katika nyumba za watu wenye shida: watoto walioacha shule, wazee wasio na mtu, mama anayepigwa na mumewe. Dada yetu alisoma kwa bidii akapata stashahada yake, tena na alama za kujivunia. Sasa akataka shahada. Akaenda chuo kikuu kuomba masomo yake ya nyuma yahesabiwe, aingizwe moja kwa moja mwaka wa pili. Unafikiri ni jambo dogo? Wenzake aliomaliza nao sekondari walishakuwa na kazi na nyumba zao. Kuanza mwaka wa kwanza, akae na watoto wa juzi, afundishwe tena mambo aliyokwisha kufundishwa! Hapana. Mwaka wa pili ndio alioutaka kwa moyo wote, na ndugu zake walishaambiwa.

Wahamiaji wa namna hiyo walikuwa wanapita kwa mhadhiri mmoja, mama mtu mzima, mpole, lakini mwenye tabia moja ya ajabu. Wewe unamweleza unachokijua, yeye anataka kujua usichokijua. Aliziangalia alama za dada yetu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamuuliza, "Ulipokuwa kwenye mazoezi ya kazi, nyumba ya kwanza kabisa kuitembelea unaikumbuka?"

"Naikumbuka vizuri sana, mwalimu," dada akasema, na uso ukachangamka, maana nyumba ile ndiyo iliyompa sifa. "Binti wa darasa la nne alikuwa ameacha kwenda shule. Nikazungumza na mama yake, binti akarudi darasani. Nilipokwenda kuwaangalia tena nilikuta wako salama, nikafunga shauri."

"Na kwa nini aliacha shule?"

"Nadhani ni uzembe wa nyumbani, mwalimu. Lakini alirudi."

"Unadhani," akasema yule mama. "Basi fanya hivi. Rudi kwenye nyumba ile. Kaa. Uniletee jambo moja tu ambalo hukulijua ulipofunga shauri lile. Ukirudi, tutazungumza habari ya mwaka wa pili."

Dada akatoka pale amekunja uso. Huu nao ni mtihani gani? Mtu amefaulu, anaambiwa arudi alikofaulia! Lakini njiani, ndani ya basi, lile swali likaanza kumwasha. Kwa nini yule mtoto aliacha shule? Kweli, kwa nini? Alijiuliza mpaka akapitiliza kituo chake, ikabidi arudi kwa miguu.

Sasa hapa nataka tusikilizane. Sisi watu wa huku tuna desturi yetu ya kusalimiana. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani, atasema nzuri. Hata kama nyumba imeungua, kwanza nzuri. Si uongo, ni adabu. Huwezi kumtupia mgeni shida zako mlangoni kabla hajakaa. Atasema, "Salama tu." Mtanyamaza kidogo. Mtaulizana habari za mvua, habari za shamba. Kisha atashusha pumzi aseme, "Salama, ila mzee ndiyo tumemzika Alhamisi." Si ndivyo tulivyo? Mzee Mwakyoma anacheka, anajijua. Mwezi uliopita alinisalimia njiani, salama, salama, tukaongea weee habari za parachichi, mwishoni ndipo nikasikia ng'ombe wake wamekufa.

Kwa hiyo habari yenyewe haiko kwenye salama. Iko kwenye ila. Na ila haiji kwa mtu aliyesimama.

Dada yetu akafika. Mama wa nyumba alikuwa uani na ungo wa mchele mapajani, anatoa mawe. Akamtambua mara moja.

"Karibu, dada wa ustawi! Umepotea!"

"Nipo, mama. Habari za hapa?"

"Salama tu."

Neno lile lile. Siku ile ya kufunga shauri alilisikia akiwa amesimama, mkoba begani, kwa sababu kulikuwa na nyumba nyingine za kutembelea na mawingu yalikuwa yametanda. Akaambiwa salama, akashukuru, akaondoka. Safari hii aliweka mkoba chini. Akavuta kigoda, akasogea kwenye ungo, akaanza naye kutoa mawe. Wakaongea habari za mahindi. Wakaongea habari za binti, kwamba yuko darasani hivi sasa, anajitahidi. Kisha maneno yakaisha, wakabaki wanachambua mchele wawili wao. Na dada, wapendwa, hakusimama. Alitamani, maana kimya kinachosha, lakini alikuwa na lile swali lake.

Yule mama akashusha pumzi. "Salama, dada. Ila..."

Akaweka ungo chini.

"Ila yule binti, wakati ule, hakuwa mtoro. Ana mdogo wake. Wewe hukumwona. Miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa, hatembei. Mimi nikienda shamba, dada yake ndiye aliyekuwa anabaki naye, anamlisha, anamgeuza. Mlipokuja mkasema lazima mkubwa aende shule, nami nikaona mna haki, mtoto asome. Akaenda." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ila mdogo, tangu siku hiyo, nikienda shamba namfungia ndani peke yake. Nifanye nini, dada?"

"Siku ile nilipokuja mara ya mwisho alikuwa wapi?"

"Humo humo chumbani, nyuma ya pazia. Nilimwambia anyamaze kwanza mpaka nikueleze. Akanyamaza. Nikakwambia salama, nikawa najikaza nikueleze, kugeuka nikakuona umeshafika barabarani."

Wakaingia chumbani. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na ukuta, ana macho makubwa yanayoangalia kila kitu. Akamtazama mgeni, akamgeukia mama yake, akauliza, "Mama, ndiye yule wa siku ile? Sauti yake naijua. Mbona leo hajaondoka?"

Jamani! Niambieni ninyi wenye watoto. Swali kama hilo unalijibu kwa maneno gani?

Dada alilia. Hakuona haya, alikaa chini kwenye mkeka akalia mbele ya mtoto. Zile sifa zote alizopewa chuoni, ile alama nzuri kuliko zote, alivipata kwa sababu ya mlango aliofungiwa mtoto huyu. Hakumtendea ubaya kwa makusudi. Aliuliza swali zuri, akapewa jibu zuri, akaenda zake.

Kesho yake akapita ofisi ya kata, akaeleza yote, na yeye mwenyewe kosa lake hakulificha. Ndipo akarudi kwa mhadhiri.

"Umeniletea jambo moja?"

"Nimelileta, mwalimu." Akamsimulia, mpaka na swali la mtoto. Kisha akasema, "Na nina ombi. Ile alama ya mazoezi niliyopewa kwa nyumba ile, naomba isihame nami. Si yangu."

Yule mama akavua miwani. "Unajua unachoomba? Alama hiyo ikitoka, mazoezi yako hayahesabiki. Mazoezi yasipohesabiwa, hakuna mwaka wa pili. Na mimi asubuhi hii nilikuwa tayari kukupitisha."

"Najua, mwalimu."

"Niliowatuma wote hurudi na jambo, wengine hata mambo mengi. Hajarudi hata mmoja akaomba apunguziwe."

Dada hakuliondoa ombi lake. Na mwaka wa pili alikuwa bado anautaka, usifikiri alikuwa ameacha kuutaka.

Sasa ninyi mnasubiri. Nawaona. Mnadhani yule mama alimkumbatia akasema, binti mwema, kwa uaminifu wako nakupeleka hata mwaka wa tatu! Enhe, ndivyo mnavyopenda mifano iishe. Hapana, ndugu zangu. Alimwandikisha mwaka wa kwanza. Akamwambia, "Karibu chuoni," na ndiyo ikawa hivyo. Dada akakaa na watoto wa juzi, akafundishwa tena aliyokwisha kufundishwa, na ndugu zake walimsema sana. Ila kila Jumamosi alikuwa kwenye nyumba ile, kigodani, anatoa mawe kwenye mchele. Na yule mtoto? Mnataka na hilo? Alipatiwa kiti cha magurudumu, anasoma. Dada yake, yule binti, anamsukuma asubuhi kwenda shule, wanachelewa wote wawili, na mwalimu wa zamu ameshachoka kuwagombeza.

Basi turudi kwetu, maana sikuja hapa kuwasema watu wa ustawi. Sisi je?

Sisi tulibatizwa, tukapita kipaimara, tukafunga ndoa madhabahuni, wengine tumechaguliwa kuwa wazee wa kanisa. Tumepanda madarasa. Tumehama na nini? Jumapili hadi Jumapili tunashikana mikono pale mlangoni: habari za nyumbani, salama, Bwana asifiwe, amina, na macho yetu yameshafika kwenye mnada kuangalia mkungu wa ndizi umefikia wapi. Aliyekushika mkono Jumapili iliyopita, unajua nyumbani kwake nyuma ya pazia kuna nini? Ulimpa nafasi ya kufika kwenye ila? Au alipogeuka alikuta umeshafika barabarani?

Tena nasema hata katika maombi yetu. Tunapiga magoti, asante Bwana, tuko wazima, tumekula, tumelala, amina, tumesimama. Yeye aliyetuumba anajua desturi yetu. Anajua salama yetu ni ya adabu tu. Amekaa anasubiri neno linalofuata, na sisi tunamwachia salama tunaondoka! Mbona tunamfanyia hivyo? Yeye hana nyumba nyingine ya kukimbilia. Hana mawingu yanayomharakisha. Ana muda wa mawe yote yaliyomo kwenye mchele wako.

Sasa mhubiri mwingine hapa angesema amina, na kwaya ingesimama. Kaeni, kwaya. Nilipoingia niliwasalimu nikiwa nimesimama, nanyi mkanijibu mnavyomjibu mtu aliyesimama. Nilisema nitairudia salama yenu. Mzee wa kanisa, naomba hicho kiti. Kiweke hapa chini, karibu na watu. Ahsante.

Haya. Nimekaa.

Habari za nyumbani, wapendwa?

Salama. Nimesikia.

Nasubiri.