Mlango wa Weupe

Hapo zamani alikuwako Sultani Sharwani, mtu wa rangi ya tende, aliyejiita mweupe kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkatalia. Basi akatoa amri: kisima cha maji matamu kizungushiwe ukuta wenye mlango, kiwe cha weupe peke yao, na weusi wakanywe maji ya chumvi bondeni. Akaapa hadharani kwamba atakayeivunja amri, hata awe nani, atavuliwa cheo chake.

Katika mji huo alikaa fukara mmoja, Mkame, ambaye mkewe Mwanahija alikuwa mgonjwa na maji ya chumvi yakizidi kummaliza. Mkame akaenda kuomba ubawabu wa kisima. Akapewa mara moja, maana alionekana mjinga, na wakubwa hupenda bawabu mjinga.

Ikawa siku ya Ijumaa Sultani akaja na Waziri wake kutia udhu, watu wamejaa njiani. Mkame akaushika mkono wa Waziri, akauweka juu ya ukuta wa kisima uliopakwa chokaa.

“Huyu si mweupe. Arudi.”

“Nipishe mimi!” akafoka Sultani.

“Niwie radhi, Bwana wangu. Itazame chokaa, kisha ujitazame mkono.”

“Ala! Mimi ni mweusi, ewe mwendawazimu?”

“Hasha!” Mkame akatoa kigae cha chungu chenye masizi. “Weusi ndio huu, nawe hukuufikia. Hata kule bondeni, maskini, huna ruhusa.”

Sultani akatamani kumkata kichwa, lakini kiapo alikiapa mwenyewe na mashahidi ndio hao wamemkodolea macho. Mara adhana ikalia. Kwa kukosa maji, yeye na Waziri wakapiga viganja chini, wakatayamamu kwa udongo, wakajipangusa nyuso.

Mkame akawatazama kwa huruma kubwa.

“Bwana wangu, sasa rangi yenu naijua, ila amri haikuitaja. Watu wa vumbi wapite wapi?”

Akaanza kucheka mtu mmoja, wakafuata wote, hata imamu. Sultani akaona haya, akatazama viganja vyake, mwishowe akacheka naye. “Amri nimeifuta. Ng’oeni mlango! Na huyu apewe joho.”

Joho lilipoletwa, Mkame hakuwapo. Alikuwa amekwisha jitwika mtungi, anakimbilia nyumbani.

Mwanahija akanywa, akavuta pumzi. “Matamu haya! Ni ya nani?”

“Ya watu wa vumbi,” akasema Mkame. “Kunywa, mke wangu. Nawe umo.”