Fuvu Juu ya Meza ya Makumbusho

Wahenga waliosema kuuliza si ujinga bila shaka hawakusoma shule ya bweni. Katika sekondari moja ya Iramba, miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikianzishwa, mwanafunzi aliyenyoosha mkono kuuliza alibatizwa jina la "Mbona", likamganda kama kupe hadi kidato cha nne. Kwa hiyo watu walinyamaza, nyuso zao zikajaa hekima.

Siku moja likaja shuleni hapo gari la makumbusho kutoka Dar es Salaam. Lilimleta Ndugu Cecilia, mtaalamu, pamoja na makasha ya mawe, mifupa na wadudu waliokaushwa. Walimu na wanafunzi wa shule tatu walikusanyika kujifunza sayansi kwa kushika na kuchunguza. Ndugu Cecilia alitangaza kwamba angeacha hadubini moja katika shule itakayoonyesha kiu ya kujua. Mwalimu Gasto, ambaye siku zote alifundisha habari za vijidudu kwa chaki tu, aliitazama hadubini ile kama mfungaji wa Ramadhani atazamavyo mwezi mwandamo.

Jioni wageni walichinjiwa mbuzi asiye na pembe. Kesho yake mapema, Zefania, mtundu wa kidato cha pili, alilitoa fuvu katika sufuria ya supu, akalisugua kwa majivu na udongo mwekundu, akalipanga mezani kati ya vitu vya makumbusho. Kando yake aliweka kikaratasi: "Mnyama wa kale. Ametoweka."

Watu wakapita mezani kwa adabu. Ikumbukwe kwamba karibu wote mle ukumbini walikua wakichunga mbuzi. Hata hivyo walimu waliandika, wanafunzi wakanakili, na kiranja Mughwai akawafafanulia wadogo zake jinsi mnyama yule alivyokuwa akila watu. Zefania aliuma ulimi asicheke.

Ndugu Cecilia akauliza kama kuna swali. Kimya. Akauliza tena. Watu wakainamia madaftari yao. Basi akaanza kuirudisha hadubini kashani, na Mwalimu Gasto akainamisha kichwa.

Ndipo Raheli wa kidato cha kwanza, mwanafunzi wa Mwalimu Gasto, aliponyoosha mkono.

"Samahani, Ndugu mtaalamu. Huyu mnyama wa kale, mbona hana meno ya mbele ya juu, kama mbuzi wetu?"

"Mbona huyo," wakanong'ona wa nyuma.

"Na mbona ananukia vitunguu?"

Mwalimu mmoja mgeni alifunga daftari lake polepole. Mkuu wa shule hakuhitaji kuuliza ni nani: kucha za Zefania zilikuwa bado na majivu. Zefania naye alimwona Mwalimu Gasto amefumba macho, akaficha mikono nyuma.

"Fuvu hili nimeliona tangu asubuhi," alisema Ndugu Cecilia. "Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aniulize."

Akaitoa hadubini, akaiweka mbele ya Raheli.

Zefania alihukumiwa kuteka maji ya jikoni. Alipoleta ndoo ya kwanza kutoka bwawani, Mwalimu Gasto alichukua tone moja akaliweka chini ya hadubini, akamwita achungulie. Zefania alichungulia, akakawia.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hawa wanaoogelea katika maji yetu ya kunywa ni nani?"

Hakuna aliyemwita Mbona. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, Mughwai akiwa wa pili, na kila mmoja alikuwa na swali lake. Kweli, kuuliza si ujinga.